Malengelenge Kwenye Tangi la Katekista

Jumamosi moja ya miaka ya tisini naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomharibia mtu jina. Nilikuwa kijana wa Kibera, golikipa wa timu ya mtaa, na kila asubuhi nilitembea hadi Kawangware kupaka pikipiki rangi. Karakana ilikuwa ya Mama Nekesa, mjane kutoka Bungoma. Kazi aliachiwa na mumewe, akaja kuijua kumshinda. Tulikuwa na oveni ya mabati ya kukaushia rangi, aliyoiunda mwenyewe: jiko la makaa liko nje, joto linaingia ndani kwa paipu.

Siku hiyo alienda mkutano wa akina mama kanisani, akaniachia tangi la pikipiki ya katekista wa mtaa wa Satellite. Mechi yetu ilikuwa saa tisa. Nikapuliza rangi nyekundu nzito, mara moja tu, na badala ya kungoja thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, itoke polepole kama nilivyofunzwa, nikalisukuma tangi ndani ya oveni papo hapo. Makaa nayo nikayaongeza. Siku hizi mna oveni zenye kipimo cha joto, lakini haraka yenu naiona ni ileile yetu.

Nilipofungua, tangi lilikuwa limejaa malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa chai ya moto. Sikujiuliza lolote. Nililibeba hadi kituo cha Fifty-six, dukani kwa Mutiso, mtu wa Machakos aliyetuuzia rangi. Nikalitua kwenye kaunta mbele ya wateja, nikasema anachanganya rangi na mafuta ya taa. Mutiso hakupandisha sauti. Aliniomba nirudi na Mama Nekesa. Wateja wawili waliweka mikebe chini, wakatoka. Mechi yenyewe tulifungwa.

Jumatatu nilimweleza Mama Nekesa, naye hakunigombeza. Alichukua vipande viwili vya madigadi kuukuu, yale mabati ya kukinga tope la magurudumu, akavipiga msasa, akavifuta vumbi na mafuta. Kimoja alikipuliza rangi nzito ya mkebe uleule, akakitia kwenye moto mkali mara moja. Cha pili alikipuliza tabaka jepesi, akakipumzisha, akarudia, akakipumzisha tena hadi harufu ya thina ikapungua. Ndipo akakiingiza kwenye joto la wastani, akaliongeza kidogo kidogo. Cha kwanza kilitoka na malengelenge. Cha pili kilikuwa laini, ungeweza kujitazama ndani yake ukinyoa ndevu.

"Rangi ni moja," akaniambia. "Sasa enda umwambie Mutiso. Na umwambie mbele ya watu."

Nilienda, nikasema yote mbele ya wateja. Mutiso alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe, kijana," akasema. "Lakini wale wawili hawako hapa leo."

Na kweli, sikuwaona tena dukani kwake. Tangi nililikwangua nikaanza upya, na katekista akatembelea wagonjwa kwa miguu wiki nzima.

Kwa hivyo, mwanangu, safisha chuma hadi alama za vidole ziishe. Puliza matabaka mepesi, ipe thina muda wa kutoka, na joto ulipandishe taratibu. Kazi ikikuharibikia, anza kukagua ulivyoifanya wewe kabla hujataja jina la mwingine, maana utaweza kuomba msamaha lakini hutawafikia wote waliokusikia.

Mungu akupe mikono isiyo na papara, na wateja wako wakurudie wakiwa na furaha.