Maji Aliyoyachemsha Elida

Ukitaka ugomvi na jirani yangu Elida, mwambie maji yake hayajachemka vizuri. Kipindupindu kilimchukulia mtoto wa kwanza kule Kagunga ziwani, na tangu hapo haamini maji ya mtu. Hapa Katubuka tunamwita Mama Chemsha, na mimi Winfrida, kwa mdomo wangu huu, ndiye niliyembandika hilo jina.

Binti yake Mapendo alijifungua, maziwa yakamkauka. Akarudi Kagunga kuuza dagaa ili kopo la maziwa ya unga lisikosekane, kichanga wake Heritier akamwachia mama yake. Elida akawa anachota kwenye bomba la kisima cha mtaa, maji meupe yasiyo na harufu, anayachemsha, anamkorogea mtoto maziwa.

Asubuhi moja nikamkuta mlangoni amempakata. Midomo ya Heritier ilikuwa kama ya mtu aliyekula zambarau. Hana homa, haharishi, ila amelegea na anapumua kwa shida.

"Ni vijidudu," Elida akasema. "Juzi alipoanza kubadilika rangi nikaongeza kuchemsha. Sasa nayaacha mpaka yanabaki nusu sufuria."

"Achana na sufuria, twende hospitali." Niliogopa, sifichi.

Kwenye bajaji kucha za mtoto nazo zikaanza kugeuka bluu. Nikamgombeza dereva, maskini, utadhani mashimo ya barabarani kayachimba yeye.

Daktari alimtoa mtoto damu, ikaja ya kahawia. Akamwekea oksijeni, akaagiza haraka dawa ya kuingizwa mshipani.

"Shikamoo, bibi. Mtoto anakunywa nini?"

Elida akamweleza yote, hata ile nusu sufuria, tena kwa kujivunia kidogo.

"Bibi, nahisi maji yenu yana naitreti," daktari akasema taratibu. "Inatoka vyooni na kwenye mbolea, inapenya ardhini mpaka kisimani. Kwa mtoto mchanga inaifanya damu ishindwe kubeba hewa. Moto unaua vijidudu, lakini naitreti hauitoi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki, inazidi ukali. Tutayapima. Kwa sasa msimpe hata tone."

 Elida akakaa kwenye benchi, mikono mapajani, macho kwa mjukuu. Mimi na mdomo wangu wote, nikabaki namtengenezea kanga begani. Nilimwonea huruma. Dawa ikawa inaingia, na midomo ya mtoto iko vilevile. Tukakaa hivyo, tunahesabu matone ya dawa.

Halafu wekundu ukaanza kurudi, kwanza pembeni mwa midomo, kisha kote. Heritier akalia kwa nguvu. Nikamshika Elida mkono.

Simu yake ikaita. Alikuwa Mapendo, sauti yake inasikika mpaka nilipokaa.

"Mama, mtoto hajambo? Maji yake unachemsha lakini?"

Elida akanitazama, simu sikioni.

"Nilichemsha, mwanangu," akasema. "Nilichemsha mno."