Mabingwa wa Panda Walipokuja Kumla Mama

Juzi nilipita uwanja mmoja mtaani Panda, wasichana wakicheza handiboli. Harufu ya vumbi lililomwagiwa maji ikanirudisha alasiri moja ya utotoni.

Mama aliuza samaki sokoni Kikula na alikuwa kipa wa timu ya wauzaji. Siku hiyo walianza mfululizo wa mechi tatu dhidi ya timu ya Panda, mabingwa wasiowahi kushindwa. Tulipokuwa tunatoka, jirani alicheka: "Mama Odia, leo bale batabakula!"

Niliamini neno hilo lilivyo, kwamba Panda wangemla Mama kweli. Nikashika kitenge cha Mama nikilia: "Mama, tusiende, batakukula!"

"Miye niko na mifupa mingi," akanijibu. "Batashindwa kumeza."

Kila Panda waliporusha mpira nilifumba macho, nikasikia tu kishindo viganjani mwa Mama na vigelegele vya wanawake wa sokoni. Mwishoni tuliongoza kwa bao moja, na Panda wakapata penalti. Kapteni wao, mwanamke mrefu, alirusha kwa nguvu zote. Mama akaruka, akaupangua. Filimbi ya mwisho ikalia.

Kapteni akamkimbilia Mama, mikono wazi. Nikamrukia, nikamng'ata mguu. Kumbe alikuja kumkumbatia! Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa najua kwamba timu ya Mama ilipoteza mechi mbili zilizofuata. Siku ile sikujua hata kama zipo. Jioni viganja vya Mama vilikuwa vimevimba, hakuweza kushika mwiko. Baba mwenyewe akasonga bukari, ule ugali wetu, uliojaa madonge, na tukaumaliza wote tukiimba.