Mikono ya Sista Roseline

Mwaka wa tisini na saba, maiti ya mama yake ilipolazwa chini ya turubai nyumbani kwao Kisegi, Sista Roseline alifanya jambo ambalo watu wa pale hawajachoka kulisimulia hadi leo. Chrispine, ndugu yake wa pekee, alifika kutoka Osiri alikokuwa akichimba dhahabu. Akapita langoni mbio, rungu mkononi, akilia kwa sauti, akimwita mama, akipiga hewa huku na huku. Kwao mwanamume humlilia mamake hivyo, hata mtoto anajua. Roseline alijua pia. Lakini mikono yake, iliyokuwa imefanya kazi miaka kumi na mmoja katika wodi ya wagonjwa wa akili Homa Bay, haikumngoja. Ilimdaka Chrispine, ikampindua, ikamlaza kifudifudi mchangani. "Tulia. Pumua," akamwambia. Kisha, Mungu wangu, akageuka akaagiza sindano ya usingizi iletwe!

Chrispine aliinuka na mchanga mdomoni.

"Umeninyima kilio changu," akasema, "na wewe mwenyewe hata chozi huna. Siku utakayomlilia mama ndiyo tutaongea."

Na kweli hakuwa nalo. Msidhani ni roho mbaya, mtanikasirisha. Wodi ile ilikuwa na manesi wanne kwa wagonjwa sitini. Alishapigwa ngumi, alishatemewa mate, na mwaka mmoja kabla alikuwa amekata kamba shingoni mwa msichana ambaye mwili wake ulikuwa bado na joto. Alinawa mikono, akaenda kugawa dawa za saa nne. Tangu siku hiyo chakula kilikuwa kitu cha kumeza, na watu walikuwa watu tu. Alimzika mamake akiwaza kama blanketi za wodi zimerudi kutoka kwa dobi.

Mwaka uliofuata akaja Sista Gesare kutoka Kisii, mshauri wa kuwasaidia manesi na uchovu wao kila Alhamisi. Waliketi kwenye viti vya plastiki, wakataja kilichomo ndani bila kukifukuza: hii ni hasira, huu ni uoga. Halafu kila mtu aseme ni nini hasa kina maana kwake, na hatua moja atakayopiga kukielekea, uoga ukiwa hapo hapo ubavuni. Roseline aliona ni mchezo wa watoto.

"Mimi sina kitu ndani," akasema. "Ni ganzi tu."

"Basi kaa na ganzi, usiisukume," Gesare akamjibu. "Unamhitaji nani?"

"Ndugu yangu."

"Nenda kwake na ganzi yako."

Ukumbusho wa mama ulipokaribia, Metrine, mwenzake wa zamu, alimtilia mfukoni kikopo cha dawa ya kifua. "Paka kidogo chini ya macho, dada. Utalia mpaka wakubembeleze!"

Alisafiri nacho hadi Kisegi. Langoni alikishika, akakizungusha mfukoni, akakiacha. Chrispine alikuwa kando ya kaburi, amempa mgongo.

"Umekuja kulia?"

"Hapana. Nimetafuta kilio mwaka mzima sijakipata. Hata sasa sisikii kitu, ndugu yangu. Lakini nilikukosea, na ninakuhitaji."

Chrispine alimtazama. Kisha akachukua rungu lake, akatoka nje ya lango. Shangazi yao Susana akaguna, "Huyo ameenda zake."

Wapi! Alirudi mbio, akilia kilio kile kile kilichokatizwa, akampita Roseline karibu kumgonga. Na mikono ikainuka. Iliinuka kabisa jamani, vidole vimejikunja tayari. "Hii ni mikono ya wodi," Roseline akajiambia, akaiacha hapo hewani. Hakuishusha, wala hakumgusa mtu. Chrispine alizunguka nyumba mara tatu mpaka sauti ikamkauka, akaanguka juu ya kaburi akalia hapo, na hakuna aliyemshika.

Alipomaliza alikuja akihema, akasimama mbele ya dadake.

"Umelia?"

"Bado."

Ile mikono ilikuwa bado juu. Chrispine akaishika, akaishusha yeye mwenyewe, taratibu.

"Kuja ule," akasema. "Samaki inapoa."