Mahari ya Kabula kwa Bei ya Leo

Simu iliyonitoa nyumbani iliita nikiwa Pasiansi, hapa Mwanza, kwenye cherehani, nikishona sare za shule. Alikuwa shemeji yangu Ouma, akipiga kutoka kwao Kenya, kijiji kilicho mbele kidogo ya mpaka wa Sirari. "Shemeji, Kabula ametuacha," alisema, kisha akashindwa kuendelea. Kabula ni dada yangu. Tulizaliwa wawili tu. Alipozidiwa aliniomba jambo moja: azikwe kwa mumewe, kando ya mwanawe aliyefia huko akiwa mchanga. Niliona ni ombi dogo. Sikukumbuka kwamba mahari yake haikumalizwa.

Baba Mkubwa alikumbuka. Asubuhi iliyofuata nilimpitia Kisesa, nikamkuta kando ya barabara amevaa koti lake la mikutano. Ni kaka wa marehemu baba, na ndiye anayetusemea. Mama, anayeishi hapohapo Kisesa na ambaye miguu haimruhusu tena kusafiri, alikwisha kumuaga mlangoni.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Umelia?"

"Nalia bado."

"Malizia ndani ya basi. Kule tunakwenda kudai. Mtu hazikwi kwa mume ambaye hajamaliza kumuoa. Wasipotoa, maiti tunarudi nayo."

Kutoka Magu hadi Lamadi ziwa lilikuwa likionekana upande wa kushoto, la kijivu, chini ya mawingu ambayo hayakutaka kunyesha wala kuondoka. Baba Mkubwa hakulitazama. Alinieleza habari za fedha njia nzima. Alipokuwa kijana, alisema, shilingi yetu na ya Kenya zilikuwa sawasawa. Kisha yetu ikaanza kuteremka. Kabula alipoolewa, shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama kumi za kwetu. Ng'ombe watano waliobaki katika mahari yake waligeuzwa hela, laki nne, ili Ouma azilete polepole. Hakuleta. Mwaka mmoja mtoto aliugua, mwingine mavuno yalikauka, na baba yetu, aliyekuwa mpole kupita kiasi, hakumsumbua hadi alipofariki.

"Laki nne siku ile zilikuwa elfu arobaini za kwao," alisema Baba Mkubwa. "Leo laki nne ni nusu ya hapo. Sasa wanataka kunilipa nusu ya mtoto?"

Nilimwambia sijui. Kwa kweli sikutaka kujua.

Tulifika Sirari mchana. Wabadilisha fedha walitukimbilia na mabunda mikononi, na Baba Mkubwa, ambaye hakuwa na cha kubadilisha, alisimama kuwauliza bei. Walimwambia shilingi ya Kenya imekaribia ishirini. Uso wake ukachangamka kabisa: elfu arobaini za kwao sasa zilikuwa laki nane zetu. Nilimchukia pale, mchana kweupe, mzee aliyenilipia ada ya shule.

Nyumbani kwa Ouma jeneza lilikuwa uani chini ya turubai, na kaburi lilikwisha kuchimbwa kando ya kikaburi cha mtoto. Tulikaribishwa viti na maji. Baba Mkubwa hakuyagusa maji. Alisimama akataka elfu arobaini za Kenya kabla jeneza halijaguswa.

Ouma alikuwa amekonda hata shati lilimvaa yeye. Aliongea taratibu. "Mzee, mimi sikatai deni. Tulikubaliana laki nne za Tanzania. Kwa bei ya leo ni elfu ishirini za Kenya, hizi hapa, nimeuza ng'ombe wangu wa maziwa. Hiyo nyingine sina mahali pa kuitoa."

"Tulisema hela ya Kenya," alijibu Baba Mkubwa. "Mashahidi wengine wamekufa, lakini huyu alikuwepo. Minza, waambie."

Watu wote wa msiba wakanigeukia. Nilikuwepo, ni kweli. Siku ile nilikuwa binti wa kunawisha wageni mikono, na nilimsikia vizuri sana. Ouma ndiye aliyetaka kuhesabu kwa hela ya Kenya. Baba Mkubwa ndiye aliyekataa. Alijipiga kifua akasema binti wa Kisukuma hathaminiwi kwa hela ya ugenini, ihesabiwe kwa shilingi ya nyumbani. Wageni walimpigia makofi.

Nilitazama kile kikaburi. "Ilikuwa ya Tanzania," nilisema. "Wewe ndiwe uliyeitaka, Baba Mkubwa."

Hakunikemea. Alikaa chini, akanyoosha mkono, akapokea elfu ishirini za Ouma bila kuzihesabu. Kabula alizikwa jioni ile, mahali alipopataka. Niliporusha udongo nililia kwa sauti, na sehemu ya kilio kile ilikuwa ya woga.

Siku ya kurudi, Baba Mkubwa alizibadilisha zote palepale Sirari. Hakutaka kuingia nyumbani na hela ya Kenya. Kutoka hapo hadi Bunda alitazama dirishani, amenipa mgongo. Tulipokaribia Lamadi alinigeukia, na hakuwa na hasira tena, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Na wewe siku yako ikifika," aliuliza, "nani atakwenda kukusemea?"

Sina mume wala kaka.

Tulipofika Kisesa tulishuka, akaingia hadi ndani kwa mama, akaweka hela kitandani. "Hizi ni zenu. Hela ya kuaibishwa siitaki." Akatoka. Mama alizishika muda mrefu. Aliuliza kama Kabula amelala karibu na mtoto, nikamwambia mkono unaweza kufika. Aliuliza kama kwa hela ile anapatikana ng'ombe hata mmoja, nikamwambia hapatikani.

Akanirudishia. "Kazibadilishe ziwe za Kenya tena, unitunzie. Zetu zinayeyuka. Nataka siku ya kunizika mimi ziwe bado hela."

Kesho yake nilikwenda mjini Mwanza, kwenye duka la kubadilishia fedha. Dada wa dirishani alikuwa na adabu. Alinionyesha ubao: bei ya kununua huku, bei ya kuuza kule. Nilimpa zote, akanihesabia za Kenya, na hazikufika elfu ishirini. Nilimwomba arudie. Alirudia, zikawa zilezile. Hakuna aliyetuibia. Zilivuka mpaka zikageuzwa, zikafika Mwanza zikageuzwa tena, na kila zilipogeuzwa zilipungua.

Nilichojifunza katika safari hii ni hicho tu, na laiti nisingekijua. Nilitoa hela ya sare za watu nikajazia mpaka zikawa elfu ishirini. Kisha nikampigia mama. Aliniuliza kama zimetimia zote alizotoa Ouma, nami, niliyeshindwa kumdanganyia Baba Mkubwa, nilimjibu kwamba zimetimia.