Kabari Chini ya Bimu

Zege linapomwagwa juu, seremala mmoja hubaki chini. Ndivyo tunavyofanya kazi huku Bunju. Watu wa zege wako juu ya mbao na ndoo zao, wewe uko kivulini katikati ya mirunda, miti iliyosimamishwa kuzibeba mbao hizo, unagonga kila mrunda kwa nyundo na kusikiliza. Ulioshika uzito hutoa mlio mkavu. Uliolegea mlio wake ni mzito, na unaukaza kwa kupigilia kabari chini yake.

Siku ile nilibaki mimi. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, ameuza kiwanja chake cha Pugu ili apate ghorofa ya kupangisha uzeeni. Hakuwa na kingine cha kuuza.

Walipojaza bimu ya mbele, ile boriti ya zege ya kubeba ghorofa, mirunda ya katikati ilianza kushuka. Nikapigilia kabari ya mmoja. Ukapanda, jirani yake ukalegea. Nikahamia kwa jirani, ule wa kwanza ukalegea tena. Vibao tulivyotanguliza chini ya mirunda vilikuwa vinazama ardhini.

"Fundi, huko chini unampigia nani ngoma?" mmoja aliuliza kutoka juu. Wenzake wakacheka.

"Simamisheni zege. Bimu inashuka."

"Inashuka iende wapi, braza? Imeshajaa hii."

Mwalimu akainama, akaingia nilipokuwa.

"Mama, hapa chini palikuwa na nini?" nilimuuliza.

"Shimo la choo cha zamani. Tulilifukia na marehemu mume wangu. Kwani lina shida?"

Tulikuwa tumemuuliza kuhusu maji, nondo na mpaka wa jirani. Shimo hatukuuliza, naye hakuona kama ni habari ya kumpa seremala.

Niliacha kugonga, maana kila pigo sasa lilizidi kuzamisha kibao. Juu kicheko kilikwisha. Nilisikia makoleo yakichota zege kulirudisha kwenye ndoo, lakini lililoingia chini ya nondo halikuchoteka. Tumbo la bimu lilikuwa limeshuka chini ya kamba niliyoivuta kupimia unyoofu wake.

"Likikauka litarudi?" mwalimu aliuliza.

"Halirudi, mama. Toka huku, si salama."

Hakutoka. Aliushika mrunda wa katikati kwa mikono miwili, akausukuma juu. Nikaweka nyundo chini, nikaushika pamoja naye. Uliendelea kushuka taratibu katikati ya viganja vyetu.