Salamu kwa Yudita wa Haneti

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha takwimu za saratani, Dodoma mjini, Daktari Msimamizi alinitazama miguu kabla ya uso.

"Viatu hivyo vitafika Haneti?"

Nikasema vitafika. Niliacha shule darasa la sita, wazazi walipofariki na kuniachia wadogo wanne, na hadi siku hiyo nilikuwa mfagizi wa zahanati huko Makole. Viatu vya kukalia tu, visivyo vya kutembea, sikuwahi kuwa navyo.

Kazi yangu iliitwa ufuatiliaji. Mgonjwa akishatibiwa na kurudi kwao, lazima ijulikane anaendeleaje mwaka baada ya mwaka. Bila hivyo madaktari hawawezi kukadiria wagonjwa wa aina yake huishi muda gani. Simu vijijini zilikuwa chache, kwa hiyo nilitumwa mimi.

"Usiulize kama fulani yu hai," Daktari alinifundisha. "Watakudhania mchawi. Sema umemletea salamu. Atakayezipokea atakueleza."

Ndivyo nilivyofanya kote, toka majaruba ya mpunga ya Bahi hadi Haneti. Naamkia kwa Kigogo, mbukwenyi, nakaa, nakunywa uji, kisha natoa salamu niliyotumwa. Wengine walijibu, "Zimefika, yuko shamba." Wengine waliinamisha kichwa, nami nikakaa nao zaidi.

Yudita wa Haneti alikuwa na saratani ya tezi ya shingo, aina adimu ambayo huweza kurithiwa. Mama yake alikufa na uvimbe shingoni, watu wakadhani ni rovu, uvimbe wa kawaida wa tezi. Wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wakiongezeka kidogo kidogo kwenye chati zetu. Nilimuuliza Daktari kama ugonjwa unazidi.

"Huenda," alisema. "Au huenda ni hii mashine mpya ya kupiga picha shingo ndiyo inayotuonyesha. Zamani tuliwazika tukisema rovu."

Yudita alipokwisha kupasuliwa, Daktari alikadiria ataishi muda gani, akitazama umri wake, ukubwa wa uvimbe, na kwamba ulikuwa umefika kwenye matezi ya pembeni. Makadirio hayakuwa mazuri. "Lakini haya ni ya watu wanaofanana naye," alisema, "yeye mwenyewe hayamjui. Wadogo zake ndio wa kuwahi. Wapimwe damu kabla shingo hazijavimba. Kamwambie awalete."

Nilimkuta anapepeta uwele.

"Mama wa hospitali! Huchoki kufuata shingo za watu?"

Nilipomweleza, ungo ulisimama. "Mdogo wangu Neema anaolewa baada ya mavuno. Wakwe wakisikia ukoo wetu una ugonjwa wa kurithi, nani atamchukua? Wadogo zangu siwaleti."

"Uliwalea wewe?"

"Toka mama afe."

"Mimi nililea wanne. Wa mwisho alikuwa hataki sindano. Nilimpeleka analia, na ananing'ata mkono."

"Ukafanyaje?"

"Nikang'atwa."

Alicheka, akaendelea kupepeta, akaacha. "Nitasema na huyo mchumba kwanza. Akikimbia, akimbie mapema."

Hakukimbia. Walipokuja mjini, yeye ndiye aliyewabebea mizigo. Neema na wa pili walikuwa salama. Daudi, wa mwisho, alikutwa na ugonjwa huo ukiwa bado mdogo. Tezi ikatolewa, akapewa vidonge vya kumeza kila siku maisha yake yote. Daktari, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliniletea chai kwa mkono wake.

Sasa nimestaafu, magoti yamechoka, naishi kwa yule mdogo wangu aliyening'ata. Vijana wa kitengo wanapiga simu, nayo ni kazi nzuri. Ila mimi naukumbuka ule uji, na ule ukimya wa kusubiri jibu.

Juzi mdogo wangu aliingia chumbani. "Dada, kuna wageni mlangoni. Mama mmoja ana kovu shingoni, na kijana naye analo. Nimewakaribisha, hawaingii. Mama anasema amekuletea salamu tu, kisha ananitazama usoni, hasemi tena."

Yudita. Alikuwa amesikia siku hizi siendi Haneti, akaogopa kuuliza.

"Mwambie zimefika," nikasema, nikaanza kutafuta viatu.