Masika Aliyokuja Shangazi Somoe

Moshi wa korosho zinazochomwa na maganda yake si moshi wa kawaida. Ni mzito, una mafuta, unawasha macho na kukwama kooni, na nguo ikishaushika, sabuni ya mara moja haiutoi. Juzi jirani yangu aliletewa kiroba cha korosho kutoka kusini. Akazimwaga kwenye bati juu ya moto uani kwake, na upepo ukauleta moshi mpaka sebuleni kwangu. Wanangu walikimbilia kufunga madirisha huku wakiziba pua. Mie nilibaki nimekaa. Nilikuwa nimesharudi Mbagala, kwenye nyumba yetu ya zamani, masika yale aliyokuja shangazi Somoe.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Aliishi Newala na mwanawe wa pekee, Zuhura, ambaye alinizidi miezi michache tu. Mumewe alifariki Zuhura akiwa bado ananyonya. Sisi watoto tuliambiwa kwamba wageni wanakuja kutembea, wakaione bahari, basi. Nilifurahi mno, maana nilikuwa mtoto peke yangu nyumbani, na pia nilitaka kumtambia mtu bahari kana kwamba ni ya babangu.

Walishuka stendi na kiroba cha korosho, begi moja la bluu, na mvua. Nasema na mvua kwa sababu ilianza siku hiyo hiyo na haikutaka kuondoka. Uwanja wetu ukawa bwawa. Baba, aliyekuwa fundi wa kuchonga vinyago vya mpingo, akahamishia magogo na patasi zake ukumbini, tukawa tunakula chakula chenye vumbi jeusi la mti.

Zuhura alikuwa hajawahi kuona maji yakiachwa yapotee namna ile. Kwao maji yalifuatwa mbali, bondeni, na yalirudi kichwani mwa mtu. Siku ya kwanza alitoa nje kila chombo alichokiona: sufuria, ndoo, beseni, vikombe vya chai, hadi kifuniko cha chupa ya mafuta ya nazi. Mama alipotafuta mwiko aliukuta ukielea ndani ya chungu uani. "Mwanangu, haya maji kesho yapo," mama alimwambia akicheka. Zuhura alimtazama kama mtu anayedanganywa.

Kila asubuhi tuliamka tukichungulia mbingu, na kila asubuhi baba alisema tutakwenda baharini mvua ikikata. Haikukata. Ikabidi tutafute mambo ya kufanya ndani. Tulicheza mdako kwa maganda ya korosho mpaka vidole vikababuka. Baba alitupa msasa tukawa tunalainisha migongo ya tembo wake. Umeme ulipokuwepo tulivuka matope kwenda kwa mama Rukia, nyumba ya pili, kutazama tamthilia ya Kikorea iliyotafsiriwa na kijana mmoja mwenye sauti nzito aliyesema maneno ya wote, ya bibi na ya mchumba. Ilikuwa hadithi ya mji wa pwani, na huko nako mvua ilinyesha. Watu walitembea na miavuli kando ya bahari ya kijivu, wakaingia kwenye migahawa yenye vioo, wakanywa supu yenye mvuke. Shangazi alijisogeza karibu kabisa na runinga.

"Ndiyo bahari hiyo?" akauliza. "Na ya kwenu iko hivyo hivyo?"

"Ya kwetu ina jua," nilimjibu kwa maringo.

"Haya. Basi mie nimeshaiona yenye mvua."

Asubuhi nyingine baba na shangazi waliondoka mapema. Tuliambiwa shangazi anakwenda hospitali kuangaliwa mgongo. Walirudi wamelowa, shangazi akaingia chumbani moja kwa moja, na baba akachukua patasi bila kula. Kuna siku walirudi haraka mno, daraja limefunikwa na maji, magari hayapiti. Siku waliyofanikiwa kuvuka, nilimsikia baba akimwambia mama jikoni, "Wameniambia hata tungefika mapema. Hata tungefika mwaka jana." Nilidhani wanazungumzia foleni.

Baada ya siku hiyo shangazi alituletea mchezo wake mwenyewe. Aliuita mchezo wa mgeni. Alijifunga khanga vizuri, akatoka barazani penye manyunyu, akabisha hodi. Zuhura alitakiwa kumpokea. Amkaribishe, ampe kiti, amletee maji ya kunywa, halafu ajibu maswali.

"Shikamoo," Zuhura alisema, akibana kicheko.

"Marahaba, binti. Sukari ya nyumba hii inakaa wapi?"

"Kwenye kopo la bluu, juu ya kabati."

"Ukiumwa usiku unamwamsha nani?"

"Wewe."

"Mie mgeni, miye. Mgeni haamshwi. Unamwamsha nani?"

Zuhura akafikiri. "Mke wa mjomba."

"Hapana. Unasema mama. Toka nje, tuanze upya."

Mama alikuwa anachambua mchele pale pale. Ungo ukamponyoka, mchele ukamwagika mkekani, na hakuuokota. Aliinuka akaenda chumbani. Sie tulicheka, tukadhani amechukia kwa sababu ya mchele.

Tuliucheza kila siku ya mvua. Mie nilikuwa jirani, au mwenye duka, au mbwa. Shangazi alichoka upesi, akawa anabisha hodi akiwa amekaa, baadaye akiwa amelala kwenye mkeka, akigonga sakafu kwa kidole. Alimuuliza Zuhura njia ya kwenda shuleni kwangu, jina la mwalimu wangu, sketi ya shule inafuliwa siku gani, baba hapendi nini. Zuhura alijibu yote. Siku aliyomwita baba yangu "baba" bila kusahihishwa, shangazi alisema, "Sasa umeweza," akageukia ukutani.

Mvua ilipokata, shangazi alikuwa hawezi tena kutembea hadi barabarani bila kushikwa. Alitaka kurudi Newala, na aende na baba tu. Asubuhi ya safari alimketisha Zuhura kitandani, nami nikiwa mlangoni.

"Wewe baki uione bahari. Ukishaiona, nitakuja kukuchukua."

"Kweli?"

"Kaone kwanza."

Hakulia. Alimfunga Zuhura vifungo vya gauni, vyote, ingawa vilikuwa vimeshafungwa.

Baba alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda. Jumapili iliyofuata alitupeleka Kigamboni kwa pantoni. Jua lilikuwa kali na bahari ilikuwa nzuri kama nilivyojigamba. Zuhura aliingia maji ya magotini, akasimama, akaitazama kama mtu anayekagua kazi, kisha akatoka. "Nimeiona," alimwambia baba. "Twende nyumbani."

Tulipofika hakuvua hata viatu. Alitoa begi la bluu chini ya kitanda, akapanga nguo zake, akaenda kukaa barazani na begi mapajani. Mama alimwita kula, hakuja. Jua lilipoanza kushuka baba alitoka, akakaa chini kando yake, akamwambia kuwa mama yake amefariki, amezikwa siku nyingi. Baba alikuwa amekosa namna ya kusema. Zuhura hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani alimwosha?" Baba akamtajia majina. Mama akalichukua begi taratibu, na jioni ile akazipanga nguo za Zuhura kwenye kabati langu, upande wa kulia.

Nilikuwa nimeshaolewa ndipo nilipouelewa mchezo ule. Nilikuwa namwelekeza mwanangu mkubwa mahali nilipoweka dawa ya mdogo wake. Shangazi hakuja kutembea, wala hakuja tu kutibiwa. Alikuja kumhamisha mwanawe, na kwa kuwa hakuweza kumwambia, alijigeuza yeye mgeni ili mtoto awe mwenyeji. Mvua ikampa siku za kufanya hivyo, siku ambazo sisi tulizilaani kila asubuhi.

Nilimwambia Zuhura hayo tulipokutana kwenye arobaini ya mama yangu, ambaye alikuwa mama yake pia. Tulikuwa uani tunaosha masufuria. Nilitegemea ashangae, au alie. Aliendelea kusugua.

"Mie nilijua," alisema. "Tangu siku ile mama alipomwaga mchele. Nilikuwa nacheka ili mama mzazi amalize kunifundisha."

"Na lile begi?" nikamuuliza. "Kama ulijua, mbona ulipanga nguo?"

Alisuuza sufuria, akaligeuza juani likauke.

"Nilikuwa mtoto, Sada. Niliona labda nimekosea."